Kazi ya kuchunguza ubongo na tabia: kwa mdogo wangu aliyeuliza aanzie wapi

Marahaba mdogo wangu. Kwa faida ya wengine: aliyeandika amemaliza digrii ya biolojia, anataka kazi yake ya maisha iwe kuchunguza jinsi muundo wa ubongo unavyohusiana na tabia, iwe ya binadamu au ya mnyama, kwake sawa tu. Sasa kuna waliomwambia lazima apitie kwanza udaktari, wengine wamemwambia bila hesabu kali asijisumbue, na yeye mwenyewe haelewi hawa watafiti wanashinda wanafanya nini na nani anawaajiri. Juu ya hayo kuna profesa ameonyesha nia ya kumchukua kwa mastaz ila maabara yake inahesabu seli tu, anauliza aende au asubiri. Ntajibu yote, ila sio kwa mpangilio wake, manake kuna jambo hakuliuliza na ndo hilo linaloamua kama mtu ataipenda hii kazi au ataikimbia.

Karibu kila anayeniuliza habari za hii kazi anaanza na ubongo. Kaona picha za skani zenye madoa mekundu na ya njano, kasikia kichwani mna nyuroni, yaani seli za neva, bilioni 86, basi kanasa. Simlaumu mtu, ubongo unavutia kweli. Na hiyo namba yenyewe ina kisa kizuri, vitabu vingi vilikuwa vinaandika bilioni 100 kila mtu ananakili kwa mwenzake, mpaka Mbrazili mmoja, Suzana Herculano-Houzel, na wenzake wakaamua kusaga tishu ya ubongo iwe supu kabisa, wakavitia rangi viini vya seli vinavyoelea humo na kuvihesabu, na mwaka 2009 wakatoa hiyo 86. Ndani yake bilioni kama 69 ziko kwenye serebelamu, ule ubongo mdogo wa nyuma, na gamba la ubongo tunalojivunia lina bilioni kama 16 tu. Baadaye wakafanya kwa tembo wakapata bilioni 257, na asilimia kama 98 ya hizo ziko kwenye serebelamu. Sasa niambie, tembo ana akili mara tatu yako? Namba ya seli haitakujibu hilo. Mpaka uwe umeshaamua tembo anafanya nini ambacho wewe hufanyi, na unakipimaje, ndo namba ianze kuwa na maana.

Na hapo ndo kwenye jambo lenyewe. Nusu ya kazi hii ni tabia, na ndo nusu ngumu. Ubongo ukishaukata vipande au kuupiga picha umetulia, ukikosea kupima leo unarudia kesho. Tabia haikusubiri, inabadilika na saa, na njaa, na mtu aliyeko chumbani, na swali ulivyoliuliza. Watu wanatumia fedha nyingi mno kwenye mashine afu upande wa tabia wanaweka kidodoso cha dakika tano walichokiokota mahali. Matokeo yake unayajua, leo gazeti linasema eneo fulani la ubongo ndo la ujasiri, mwakani linasema hapana.

Kuna utafiti mmoja ningependa kila mwanafunzi ausome kabla hajagusa panya. Mwaka 1999 John Crabbe, Douglas Wahlsten na Bruce Dudek, mmoja Portland, mmoja Edmonton, mmoja Albany, walikubaliana wafanye jaribio moja kwenye maabara tatu kwa wakati mmoja. Panya wa koo zilezile za kijenetiki, umri uleule, vifaa vilevile, taratibu zilezile za upimaji, yaani walihangaika kulinganisha kila walichoweza kulinganisha. Na bado baadhi ya matokeo yakatofautiana kati ya maabara na maabara, koo ambayo huku ilionekana na tofauti fulani kule haikuonekana nayo. Moja ya vitu ambavyo havikulingana wenyewe walikitaja, kwamba Edmonton kulikuwa na mpimaji mwenye aleji kali ya panya kwahiyo alikuwa anafanya kazi amevaa kifaa cha kupumulia usoni. Nani angefikiria kitu kama hicho kina nafasi kwenye takwimu? Afu miaka 15 baadaye, 2014, kundi la Jeffrey Mogil pale chuo kikuu cha McGill, Kanada, likaonyesha kwamba panya wakiwa karibu na mpimaji mwanaume wanapata msongo kiasi kwamba dalili zao za maumivu zinapungua, na si lazima awepo mwenyewe, fulana aliyoivaa ikiwekwa karibu inatosha, ya mwanamke haifanyi hivyo. Fikiria ni tafiti ngapi za nyuma ambazo nani alikuwa zamu siku hiyo hata haijaandikwa popote.

Usidhani kwa binadamu ni nafuu. Mtu akiwa ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, akitikisa kichwa kidogo tu, milimita moja mbili, programu inayopima unene wa gamba la ubongo inaweza kukupa unene pungufu kuliko ulivyo. Hilo limeshapimwa, watu wazima wenye afya waliambiwa wajitikise makusudi na ubongo wao ukaonekana umepungua. Sasa chukua watoto watundu wasiotulia, uwalinganishe na watoto watulivu, utapata watundu wana gamba jembamba, utafurahi, utaandika makala, kumbe sehemu ya ulichopima ni kutikisika kwenyewe. Tabia imeingia ndani ya kipimo cha ubongo kupitia mlango wa nyuma na hukuiona.

Halafu kuna suala la idadi ya watu. Mwaka 2022 Scott Marek na wenzake walichukua data za watu kama 50,000 kutoka hazina tatu kubwa, wakauliza swali rahisi, ukitaka kuunganisha tofauti za ubongo za watu wa kawaida na tofauti za tabia zao, kwa mfano alama za kipimo cha akili au afya ya akili, unahitaji watu wangapi ili ukirudia upate kitu kilekile. Jibu likawa maelfu. Na tafiti nyingi za picha za ubongo mpaka wakati huo zilikuwa na watu kama 25 hivi. Fani nzima iliumwa tumbo wiki hiyo.

Ila ngoja, wengine wakasoma hiyo makala wakasema basi utafiti wa watu wachache umekufa. Hapana bwana, mi sikubaliani, na sababu ni hiihii ya tabia. Eleanor Maguire wa London mwaka 2000 alipima madereva taksi 16 tu wa jiji hilo akakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao (sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kumbukumbu na kujua njia) ni kubwa kuliko ya watu wengine, na kadiri dereva alivyokaa kazini ndivyo ilivyokuwa kubwa. Madereva wale kabla ya kupewa leseni wanatakiwa kukariri barabara kama 25,000 na mtihani wenyewe unachukua miaka mitatu minne kujiandaa. Umeona tabia ilivyokamatwa hapo? Hakuna kidodoso, ni uwezo mkubwa, umejengwa kwa miaka, na una mtihani wa kufaulu au kufeli. Ndo maana watu 16 walitosha kuonyesha kitu. Bado likabaki swali la nani kamtangulia nani, labda wenye hipokampasi kubwa ndo wanaovutiwa na udereva, kwahiyo akachukua wanafunzi 79 wa udereva kabla hawajaanza kukariri, akawapima, akasubiri miaka, akawapima tena. Waliofaulu mtihani hipokampasi ya nyuma ilikuwa imekua, waliofeli haikukua, wala kwa watu wa kulinganishia wasiohusika na udereva. Hiyo ilitoka 2011. Miaka 11 kwa swali moja, mdogo wangu, na hiyo ni kwa mtu aliyekuwa na maabara nzuri na fedha. Kama huo muda unakutisha basi ni vizuri ujue sasa hivi. (Maguire mwenyewe alikuwa akisema hajui njia hata kidogo, anapotea kirahisi, nadhani hiyo ilimsaidia kuchagua swali.)

Sasa la udaktari. Huhitaji. Na mfano wangu ni Brenda Milner, ambaye kwa maoni yangu hakuna mtu aliyeonyesha vizuri zaidi yake hii kazi ni nini. Alizaliwa 1918 Manchester, akaingia Cambridge kusoma hesabu, akaona hatakuwa mwanahisabati wa maana, akahamia saikolojia. Baadaye akaenda Montreal, akapata PhD yake 1952 McGill. Hakuwahi kushika kisu cha upasuaji. Mwaka 1953 daktari mmoja Marekani, William Scoville, alimfanyia upasuaji kijana wa miaka 27 aliyekuwa na kifafa kikali, akamtoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi. Kifafa kikapungua sana ila yule kijana, ambaye dunia ilimjua kwa herufi H.M. mpaka alipofariki 2008 ndo jina lake Henry Molaison likatajwa, akawa hawezi tena kuweka kumbukumbu mpya. Unaongea naye, unatoka, unarudi, hakujui. Madaktari waliweza kuona hilo, hata mhudumu wa mapokezi angeona. Alichofanya Milner ni kuliuliza kwa kipimo. Alimpa kazi ya kuchora nyota kwa penseli huku akiangalia mkono wake kwenye kioo tu, kitu kigumu ukijaribu, na siku baada ya siku yule bwana akawa anaboreka, mistari inanyooka, ingawa kila siku anasema hajawahi kuiona hiyo kazi maishani. Kwahiyo kumbukumbu sio kitu kimoja, ujuzi wa mkono una njia yake na kumbukumbu ya matukio ina njia yake, na hipokampasi inahusika na ya pili. Kifaa ni penseli, karatasi na kioo.

Na upande wa muundo wa ubongo ulichelewa kuliko tabia, hiki ndo watu hawakijui. Kwa miongo kadhaa kilichojulikana kuhusu ukubwa wa kilichotolewa kilikuwa makadirio ya Scoville mwenyewe, kwamba alifika sentimita 8 hivi kurudi nyuma. Skani za MRI zilizochapishwa 1997 na Suzanne Corkin na wenzake zikaonyesha ni kama sentimita 5, na kuna sehemu ya nyuma ya hipokampasi ilikuwa bado ipo. Alipofariki ubongo wake ukakatwa vipande 2,401 huko San Diego. Zaidi ya miaka 40 vipimo vya tabia vilikuwa vimesimama imara wakati ramani ya ubongo wenyewe ilikuwa na kosa la sentimita tatu.

Sio yeye peke yake. John O'Keefe aliyegundua 1971 seli za hipokampasi zinazowaka panya akiwa mahali fulani, PhD yake ni ya saikolojia. May-Britt na Edvard Moser waliopata naye Nobel 2014 walisomea saikolojia Oslo. Digrii yako ya biolojia inatosha kabisa kuanzia, Herculano-Houzel naye ni mtu wa biolojia. Udaktari unauhitaji kama unataka kumtibu mgonjwa, kumwandikia dawa au kumfungua kichwa. Ukiwa mtafiti tu utafanya kazi na madaktari, watakupa wagonjwa na skani, we utawapa vipimo na uchambuzi, na mkiheshimiana mambo yanaenda. Miaka yote ya udaktari kwa ajili ya kupata ruhusa ya kuingia maabara ni hasara, labda uwe unaupenda udaktari wenyewe.

Hesabu: takwimu ndo roho ya kazi, hapo sitakudanganya. Lakini sio hesabu za kutisha. Uelewe kwa undani modeli za mstari, yaani za kukadiria kitu kimoja kinavyopanda au kushuka pamoja na kingine, uelewe vipimo vilivyorudiwa kwa mnyama mmoja sio sawa na wanyama wengi (hili peke yake lingefuta makala nyingi), uelewe kwanini ukipima maeneo mengi ya ubongo kwa pamoja mengine yatatoka "yenye maana" kwa bahati tu. Kuna watafiti mwaka 2009 waliweka samaki aina ya samoni, aliyekufa, kwenye MRI, wakamuonyesha picha za watu na kumuuliza wana hisia gani, na kwa sababu hawakusahihisha kwa wingi wa vipimo sehemu ya ubongo wa samaki mfu "ikawaka". Walifanya makusudi kuonyesha tatizo, na ilichekesha watu mpaka wakapewa Ig Nobel 2012, ile tuzo ya utani ya tafiti za kuchekesha. Zaidi ya takwimu ujue koding, Python au R, chagua moja uijue vizuri. Hiyo sio hiari tena.

Kuhusu kushinda wanafanya nini. Inategemea uko upande gani. Wa wanyama, siku nyingi ni kuzoesha wanyama mikono yako, kuwapima kwenye mabwawa ya kuogelea na vijia vya kupanda, kurekodi video, afu mwishoni unamlaza kwa dawa ya usingizi mzito, unapitisha dawa ya kuhifadhi tishu kwenye mishipa ya damu, unatoa ubongo, unakata vipande vyembamba kama mikroni 40 (mikroni elfu moja ni milimita moja), unatia rangi, unakaa kwenye hadubini wiki nzima. Nimelitaja hilo la kumuua mnyama bila kulipamba kwa sababu wapo wanaofika mwaka wa pili wa PhD ndo wanagundua hawaliwezi. Hakuna aibu hapo. Kanuni za maadili zinataka ubadilishe mnyama kwa njia nyingine panapowezekana, upunguze idadi, uboreshe matunzo, misingi hiyo iliandikwa na Russell na Burch tangu 1959 na kamati yoyote ya maadili itakuuliza. Lakini hata ukizifuata zote bado mikono ni yako. Jiulize mapema. Wa binadamu nao, siku nyingi ni simu na meseji za kutafuta washiriki, fomu za ridhaa, kungoja nafasi ya mashine, washiriki wasiotokea, kukagua picha moja moja kama mtu alitikisika, kusubiri kompyuta imalize. Pande zote mbili zinakutana kwenye kuandika. Maombi ya fedha, makala, majibu kwa wakaguzi, makala imekataliwa, peleka kwingine. Kama unafikiri mtafiti anashinda anafikiria ubongo, anaufikiria jioni.

Hapo kuna suala la sababu na matokeo ambalo ndo linafanya wengi wakubali usumbufu wa wanyama. Kuna vipanya wa porini Marekani Kaskazini wanaoitwa vole, jamii moja dume na jike wanashikamana muda mrefu na kulea pamoja, jamii nyingine ya karibu kila mtu na lwake. Mwaka 1992 Thomas Insel na Lawrence Shapiro wakaonyesha vipokezi vya homoni ya oksitosini vimetawanyika tofauti kwenye ubongo wa hizo jamii mbili, na kwa miaka thelathini hiyo ikawa hadithi ya kufundishia, oksitosini ndo gundi ya mapenzi. Halafu 2023 kundi lingine likatumia uhariri wa jeni kutengeneza vole wasio na kipokezi hicho kabisa, na wale wanyama wakaoana vizuri tu. Hadithi haikufa yote, ubongo unaweza kuwa na njia mbadala, hasa ukikua bila kitu fulani tangu mwanzo, na dawa zinazozuia kipokezi kwa mnyama mzima zilishaonyesha athari. Ila unaona kazi ilivyo, tofauti ya muundo pamoja na tofauti ya tabia ni mwanzo wa swali.

Na ukitaka mtu mmoja mwenye sura zote mbili za hii kazi, nzuri na mbovu, ni Marian Diamond wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani. Mwaka 1964 yeye na wenzake waliripoti kwamba panya waliokulia kwenye kizimba kikubwa chenye wenzao na vitu vya kuchezea walikuwa na gamba la ubongo nene kidogo kuliko waliokulia peke yao. Wakati huo ubongo wa mkubwa ulidhaniwa haubadiliki. Jaribio safi, mazingira aliyapanga yeye, kwahiyo sababu inajulikana, na limerudiwa sana. Halafu 1985 huyohuyo akachapisha uchunguzi wa vipande vinne vya ubongo wa Einstein, akalinganisha na vya wanaume 11, sehemu moja kati ya nne ikatoka na tofauti ya uwiano wa seli za glia, zile zinazosaidia nyuroni, na nyuroni zenyewe. Dunia ikashangilia. Ubongo mmoja! Na "tabia" ilikuwa umaarufu wa mtu. Ukosoaji ulikuja na ulistahili, ila mpaka leo ya Einstein ndo watu wanaijua na ya panya wengi hawajaisikia.

Njia ya masomo nitaipita haraka. Marekani programu nyingi za PhD zinachukua mtu mwenye digrii ya kwanza, zinalipa ada na posho, na zinachukua miaka mitano sita. Ulaya mara nyingi wanataka mastaz kwanza, afu PhD miaka mitatu minne, na nchi kadhaa mwanafunzi anahesabiwa mwajiriwa. Usilipie PhD ya sayansi hii kwa mfuko wako, maabara isiyo na fedha ya kukulipa haitakuwa na fedha ya kununulia vifaa. Baada ya PhD ni mikataba ya utafiti ya miaka miwili miwili, na hapo ndo wengi wanachoka. Waliomaliza PhD na kuwa maprofesa ni wachache, wengi wanaishia kwingine, na kwingine sio vibaya hata kidogo: vituo vya picha vya hospitali, kampuni za dawa kwenye majaribio ya tiba, kampuni za vifaa vya kupima mawimbi ya ubongo, uchambuzi wa data wa aina zote. Anayejua kupima kitu kigeugeu na kusema kwa uaminifu amekosea kiasi gani anatafutwa. Anayejua kuendesha programu moja ya picha tu, programu ikibadilika anaanza upya.

La kuanza nalo sasa hivi halihitaji maabara. Chagua tabia moja unayoweza kuiona bila kumsumbua mtu, ndege wakila, watu wakisubiri foleni, chochote. Rekodi video kama kuna ruhusa au kaa uandike. Andika ufafanuzi wa kila tendo kwa maneno ambayo mwingine akisoma atahesabu sawa na wewe, afu mtafute huyo mwingine, mpe video zilezile bila kumwambia ulichopata, mkokotoe mnakubaliana kiasi gani, kuna kipimo cha Cohen cha 1960 kinaitwa kapa, ni rahisi. Mara ya kwanza mtakubaliana vibaya sana, utaandika upya ufafanuzi, mara mbili tatu. Ukishindwa kuvumilia hilo zoezi, hii fani haitakufaa, bora ujue sasa. Ukilifurahia nenda kwenye DeepLabCut, programu ya bure iliyotoka 2018 inayofuatilia viungo vya mnyama kwenye video, uone mashine inafanya nini vizuri na nini vibaya. Upande wa ubongo, shusha data za wazi za OpenNeuro, zipo skani za watu wengi bila malipo, ziendeshe kwenye FreeSurfer, programu ya kupima ubongo kwenye skani, ambayo nayo ni ya bure ila inakula kompyuta, afu zikague kwa macho yako picha moja moja. IBRO, shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, wana shule fupi na misaada ya safari kwa vijana, fuatilia matangazo yao.

Tumebaki na yule profesa wa kuhesabu seli. Kuhesabu seli kwa usahihi ni ufundi wa kweli, na kwa mastaz ya mwaka mmoja au miwili ni mahali pazuri pa kujifunza nidhamu, mi sina shida nalo. Ninachotaka umuulize ni hizo seli zinatoka kwa wanyama waliopimwa tabia gani, nani aliwapima, na kama data za tabia unaruhusiwa kuziona na kuzichambua pamoja na hesabu zako. Akikujibu kwa ufafanuzi, hata kama wamepimwa kwenye maabara nyingine, nenda. Akikujibu kwamba hayo ya tabia sio yako we hesabu tu, ongea kwanza na wanafunzi wake, waliopo na waliotoka, yeye akiwa hayupo, uliza walimaliza kwa muda gani na sasa wako wapi, na kama kuna aliyewahi kubadilisha swali la utafiti akakubaliwa. Wakikwepa kujibu, omba kwingine, maombi ya mwaka ujao bado hujachelewa kuyaandaa.